Kosa Jekundu Kwenye Jibu Sahihi

Juzi nilikuwa ofisi ya walimu ya shule moja hapa Malangali, nikisubiri barua ya uhamisho wa mwanangu. Akaingia mama mmoja na binti yake wa darasa la sita, akafungua daftari mezani kwa mwalimu wa hesabu.

"Mwalimu, hili jibu siyo sahihi?"

"Ni sahihi, mama. Ila hakufuata njia niliyofundisha."

Swali lilikuwa robo tatu gawanya kwa moja ya nane. Binti alichora mstatili, akaukata vipande vinane, akapaka rangi vipande sita, yaani robo tatu, akaandika sita. Mwalimu akaweka kosa jekundu.

"Tangu Jumatatu hataki kushika daftari la hesabu," mama alisema. "Anasema hana akili."

Mwalimu alikuna kidevu, akajaribu swali lingine kwa mchoro uleule. Jibu likatoka. Akajaribu la pili, likatoka.

"Akili unazo," alimwambia binti taratibu. "Lakini kwenye mtihani usichore."

"Kwa nini, mwalimu?"

Mwalimu alifunga daftari, akamrudishia. Hata mimi kila jioni nawahimiza wanangu wafuate njia ya mwalimu, na sasa sijui kama nawafundisha hesabu au utii.