Malkia Akiweka Uma Chini

Jamaa zangu, leo nimenyang'anywa kuku kwa sababu ya mdomo wangu mwenyewe.

Nilikuwa kijijini Mkunya kwa wazazi wa Fatu, kusikiliza jibu la posa yangu.
Tukaletewa ugali wa muhogo na kuku.
Kwa adabu nilichovya mchuzi tu, nikisubiri baba yake anigawie nyama.

Nikawasimulia nililosoma gazetini: mezani kwa Malkia, huko Uingereza, yeye akiweka uma chini, wote wamemaliza. Sahani zinaondolewa.

“Hata ya mgeni?” akauliza Mama Fatu, aliyekuwa akila kwenye mkeka wa pili.

“Hata ya mgeni, Mama.”

Akanawa mikono. Akaja, akabeba bakuli letu.

“Malkia wa hapa ameshiba!”

Baba Fatu akabaki na tonge mkononi. Mimi nikajua posa nimeiharibu.

Jikoni Mama na Fatu wakacheka mpaka wakakohoa. Kisha Mama akarudi na bakuli, akachagua firigisi, akaiweka mbele yangu.

“Firigisi ni ya mwenye nyumba,” mzee akalalamika.

“Ya leo ni ya mkwe. Kula, mwanangu.”

Mkwe! Nimeitafuna polepole sana.

Haya, nani kati yenu aliwahi kujibiwa posa kwa firigisi?