Rangi Juu ya Mvi za Mjane

Kila ninapofungua chupa ya kondishena ya rangi, nakumbuka Ijumaa moja katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi. Mwanangu, wewe unayeanza kazi ya saluni, keti kidogo nikusimulie. Leo nina kiti changu hapa Kawale, mjini Lilongwe, na watu huniita mama. Siku ile nilikuwa mwanafunzi wa Mama Zawadi, mwanamke wa Bukavu aliyetengeneza nywele kambini katika chumba kidogo cha matofali. Alikuwa amekwenda Lilongwe kununua vifaa, akaniachia ufunguo.

Akaingia Mama Bahati, mjane. Kesho yake ndugu wa marehemu mumewe wangekuja kumaliza kilio. Katika familia yao, mama mkwe ndiye anayemvua mjane kitambaa cheusi mbele ya wote, kisha yanafuata mazungumzo ya nani atakaa na watoto. Shemeji yake, mdogo wa kiume wa marehemu, anayekaa Chilinde mjini, alikuwa ameshaanza kusema kwamba mjane amechakaa, hana nguvu, na watoto wawili wahamie kwake. Mama Bahati akafungua kitambaa. Kichwa chote kilikuwa cheupe.

"Dada, unipatie kahawia kidogo tu," aliniambia kwa Kiswahili cha kwao Kongo. "Bakiniona hivi, batasema niko mugonjwa. Batabeba batoto yangu."

Nilikuwa na chupa niliyoinunua mwenyewe sokoni, kondishena ya kahawia yenye wekundu. Nilikuwa nimeshaipaka kichwani mwangu nusu saa nzima, nayo ikaniachia mng'ao mdogo tu, ambao wenzangu hawakuuona mpaka niliposimama juani. Nikaamini ni kitu cha upole. Nikampaka Mama Bahati, nikasubiri nusu saa ileile.

Hapo ndipo nilipokosea, na nataka uelewe vizuri. Kondishena ya namna hii haiondoi rangi ya nywele. Inalainisha, na rangi yake inakaa juu ya ile iliyopo. Kwenye nywele nyeusi huonekana kidogo, au isionekane kabisa. Kwenye mvi, au nywele zilizokaushwa na dawa, inashika kama wino kwenye karatasi. Mimi nilipima kwenye kichwa cheusi, nikaamua juu ya kichwa cheupe.

Nilipoanza kusuuza, niliona wekundu kama wa nyanya zilizoiva. Yeye alikuwa ameinamia beseni.

"Imetoka muzuri?" akauliza.

"Ikikauka itatulia, mama," nikajibu. Nilijua si kweli.

Zilipokauka akachukua kioo. Hakunigombeza. Alikaa tu na kioo mapajani, na hivyo ndivyo Mama Zawadi alivyomkuta aliporudi. Nilimweleza yote, hata jibu langu la uongo pale kwenye beseni. Tuliosha kwa shampuu mara tatu, wekundu ukapungua kidogo sana. Nikasema labda tupake rangi nyeusi juu yake.

Mama Zawadi akanigeukia. "We Espe, unataka kuongeza ingine juu ya ngozi imeshachoka? Ngozi yake ulipima? Ulipima yako! Na kisha ukamudanganya mama ya batu, akiwa na kichwa ndani ya maji." Akamfunga Mama Bahati kitambaa chake. "Kesho utaenda naye. Kitambaa ikitoka, we njo utasimama." Yaani mimi ndiye nisimame niseme kweli.

Usiku ule sikulala vizuri.

Asubuhi tulikusanyika uani kwa Mama Bahati. Baada ya maombi, mama mkwe, ambaye wote walimwita Koko, yaani bibi, akakifungua kitambaa taratibu. Wanawake wakashika midomo. Shemeji akainuka.

"Munaona? Kaka yangu hata mwaka mbili haijaisha chini ya udongo, na huyu ameshajipakaa rangi ya kutafuta bwana! Mutamuachia batoto?"

Mama Bahati aliinamisha uso. Nikasimama.

"Koko, munisamehe. Mi njo nilifanya hii. Yeye aliomba kahawia kidogo, mi nikakosea."

"Nani alikuita, we katoto?" shemeji akasema. "Mbona kwa kichwa yako haiko vile?"

Kila mtu akatazama kichwa changu. "Nilipaka ileile, baba," nikajibu. "Kwa nywele nyeusi haionekane. Inakamata vile juu ya mvi peke yake."

Koko alimwendea mkwewe. Akazigawanya nywele kwa vidole vyake, mbele, nyuma, pembeni, akitafuta.

"Zote?" akaniuliza.

"Zote, Koko."

"Wakati tulizika mutoto wangu, huyu alikuwa na nywele nyeusi. Kilio njo ilizigeuza." Mkono wake ulibaki pale kichwani. Kisha akamwambia mwanawe, "We, keti. Batoto batabaki na mama yao." Alipofika kwangu akanitazama juu mpaka chini. "Na we, fundi, siku ya kufa kwangu usiniguse kichwa."

Watu wakacheka kidogo, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Mimi sikuweza kucheka. Nilijua kwamba, kama ningenyamaza, watoto wale wangepanda gari la kwenda Chilinde. Kwa majuma mengi nilikwenda kila Jumamosi kumwosha Mama Bahati, mpaka wekundu ukafifia na mvi zikarudi. Hakuzificha tena.

Basi mwanangu, kabla ya kuchagua chupa, tazama kichwa kilicho mbele yako, usitazame picha iliyobandikwa kwenye chupa. Uliza kama kimewahi kuwekwa dawa. Siku moja kabla, paka tone nyuma ya sikio uone kama ngozi inawasha. Kisha jaribu kwenye shungi moja la ndani, kwa dakika chache, usuuze, ulikaushe, ulitazame juani. Mwenye mvi mchagulie rangi hafifu, maana kuongeza ni rahisi kuliko kupunguza. Mwenye nywele nyeusi usimwahidi rangi ya dhahabu. Vaa glavu, paka mafuta kwenye paji la uso, na umwambie mapema kwamba rangi itachafua mto na itapungua kila anapoosha.

Na ukikosea, sema hapohapo. Hakuna fundi ambaye hajawahi kukosea, hata wewe utakosea, usikate tamaa kwa hilo. Lakini mtu aliyekuinamishia kichwa hajioni, anakutegemea wewe umwambie unachokiona.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, akupe wateja wenye subira, na akupe ujasiri wa kusema kweli maji yakiwa bado yanatiririka.