Mbweha wa Kichuguu Chetu

Kumbikumbi hawakaangwi kwa mafuta. Unawatia kwenye chungu kikavu, unatikisa, nao wanatoa mafuta yao wenyewe, na harufu hiyo ikishaingia puani haitoki mpaka uzeeni. Nikiisikia popote narudi kwetu, upande wa Gachoka, kwenye kichuguu kilichosimama kati ya shamba la uwele na zizi la mbuzi. Kilikuwa chekundu, kirefu kumshinda baba, na asubuhi za baridi kilitoa mvuke kidogo kana kwamba ndani yake kuna mtu anapika. Kwetu kichuguu kina mwenyewe, kama ng'ombe alivyo na mwenyewe. Hicho kilikuwa chetu. Lakini chini yake, upande wa machweo, kulikuwa na mashimo mawili, na ndani yake waliishi mbweha, na hakuna aliyewahi kuwauliza wamepewa na nani.

Usifikirie wale mbweha wakubwa wanaovizia wana-mbuzi. Hawa walikuwa wadogo, rangi ya vumbi, miguu myeusi kama waliokanyaga masizi, na masikio mapana yasiyolingana na kichwa. Chakula chao kilikuwa mchwa. Jioni, jua likilegea, walitoka mmoja mmoja wakasimama mlangoni kusikiliza ardhi. Ndiyo, ardhi. Anainamisha kichwa, anatulia hivi, halafu anafukua mahali palepale na kula. Mimi niliketi juu ya jiwe nikiwatazama, na mara nyingine nilifumba macho nikainamisha kichwa kama wao, nikahisi nasikia huko chini mji mzima ukitembea. Labda nilikuwa nasinzia tu. Mwaka ule, kabla ya mvua za mwezi wa kumi, walitoa watoto watatu, nami nikajiona sina kazi nyingine duniani.

Kazi nilikuwa nayo. Kila jioni ilikuwa juu yangu kuwaingiza kuku bandani na kuegemeza jiwe mlangoni. Jioni moja wale watoto watatu walikuwa wakigombania unyoya, wakiangukiana, nami nikakaa mpaka giza likanikuta. Jiwe sikuliweka. Asubuhi mama alikuta manyoya tu ya kuku wake aliyekuwa akiatamia, na mayai yamepasuka. Kicheche, nguchiro, mpaka leo sijui. Baba akaniuliza, nami bila kupumua nikasema, "Ni mbweha. Nilimwona akikimbia."

Sasa elewa jambo moja. Mimi nilipewa jina la mama yake baba, Marigu, na kwetu mtoto wa namna hiyo ni kama nyanya mwenyewe amerudi. Baba hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita mama. Nikitaka maji, "Mpeni mama maji." Ndugu zangu walinicheka, "Haya, mama mkwe wa nyumba nzima amekohoa!" lakini walinipisha. Kwa hiyo siku ile mama yangu alipoguna kwamba mbweha wale tumeishi nao miaka na hawajagusa hata yai, baba alimkata: "Mama amesema amemwona. Imekwisha." Akachukua jembe, kijinga cha moto na mzigo wa nyasi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, kutoka banda la kuku mpaka kichuguuni, nikimfuata baba nyuma huku miguu haitaki. Shimo la kwanza alilijaza mawe. La pili akalitia nyasi, akapiga magoti, akaanza kupuliza kijinga. Moshi mwembamba ukaingia chini, na kutoka ndani nikasikia sauti ndogo, kama mtoto anayeota.

"Baba, jiwe sikuliweka," nikasema. "Sikumwona mbweha yeyote."

Hakunipiga. Alivuta nyasi nje kwa mikono, akazikanyaga mpaka zikazimika. Akasema akiangalia chini, "Mama yangu hakuwahi kunidanganya." Kisha, "Marigu, toa hayo mawe."

Niliyatoa moja moja mpaka kucha zikatoka damu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Siku zikapita, shimo kimya, na nyumbani nikawa Marigu. Marigu, leta kuni. Marigu, funga kuku. Heri angenichapa.

Mvua ilinyesha mchana, ikakatika. Jioni tukaenda kichuguuni na chungu na blanketi kuukuu, tukapiga vijiti ardhini kama manyunyu ili kumbikumbi watoke. Wakatoka, mabawa yakajaa hewani kama moshi wa dhahabu. Ndipo baba akanishika bega. "Mama," akanong'ona, "usitikisike. Wanakuja." Walitoka wote, wakubwa wawili na watoto watatu, wakala upande wao nasi tukala upande wetu.

Miaka mingi baadaye kichuguu kile kilivunjwa, udongo wake ukafyatuliwa matofali. Mbweha hakuna aliyewauliza wamekwenda wapi. Mimi sasa nakaa Nchiru kwa mwanangu, ambako mashamba yameota nyumba za kukodishia wanafunzi. Bintiye ana jina langu, na baba yake humwita mama. Juzi kuku alipotea, na yule mtoto akaniambia mimi nyanya yake, "Cucu, ni mbweha. Nimemwona."

"Alikuwa na masikio ya namna gani?"

"Ya kawaida."

"Na komeo ulitia?"

Akaangalia miguu yake. Nikamwambia aende kwa baba yake, aseme mwenyewe, kabla sumu ya kumtegea mbweha haijanunuliwa.

Nilijua amedanganya. Lakini kesho yake alfajiri nilichukua fimbo nikazunguka nyuma ya banda, nikainama kwenye tope kutafuta nyayo ndogo. Zilikuwa za mbwa wa jirani. Nikafumba macho, nikainamisha kichwa nisikilize ardhi. Nilisikia redio ya wanafunzi, na maji yakijaa tangini. Huko chini sikusikia kitu.