Mwanangu alivunjika mkono akiogeshwa, mama yangu akaitwa ndoki

Wakuu, heshima zenu wote. Naandika kutoka Kisangani na bado sijatulia. Sitatia chumvi, kisa chenyewe kinayo ya kutosha.

Huku kwetu mtoto mchanga anaogeshwa na bibi. Maji ya moto, kisha anakandwa mgongo na kuvutwa mikono na miguu ili akue imara. Wengi wenu mmelelewa hivyo, msikatae.

Basi mama yangu akatoka Yanonge kuja kumwogesha mjukuu wake wa kwanza. Asubuhi moja anamnyoosha mkono, tukasikia "ko!" Kilio cha mtoto sitakisahau. Hospitali wakasema mfupa umevunjika.

Jamani, hakuvuta kwa nguvu! Nilikuwa pale pale nimeshika taulo.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, hakutaka kusikia. "Huyu mama iko ndoki! Mufupa ya mutoto inaweza vunjika na maji? Alors, arudie kwao leo!"

Ndoki ni mchawi, kwa msiojua. Ukibandikwa neno hilo halitoki. Nilibisha mpaka sauti ikakauka, lakini mama mwenyewe akafunga mzigo wake akaenda bandarini kupanda boti ya Yanonge.

Baadaye mke wangu alimwinua mtoto kwa vifundo vya miguu ambadilishe nepi, kama kila mama anavyofanya.

Paja likavunjika. Mikononi mwa mama yake mzazi!

"Mchawi" yuko Yanonge, huku nani kavunja?

Safari hii tulimpata daktari wa watoto, mama mtu mzima. Baada ya kuufunga mguu, akatazama macho ya mtoto. Weupe wake una rangi ya samawati, na sisi tulikuwa tunausifia kuwa ni uzuri! Kisha akaniita mimi nisogee dirishani, akachunguza na weupe wa macho yangu.

"Papa, wewe pia ulivunjikaka?"

Mkono mara mbili, na mguu. Nilidhani ni utundu wa mpira.

"Bon. Imetoka kwako."

Wakuu, nilikaa chini sakafuni.

Akatueleza kuwa mfupa si chokaa tupu. Ni kama ukuta wa nyumba ya udongo: chokaa ndiyo udongo, kolajeni, yaani nyuzi za protini, ndiyo fito za ndani. Fito zikiwa chache au mbovu, ukuta unapasuka kwa kuguswa tu. Kolajeni hiyo hiyo inashikilia kano, ngozi, hata weupe wa jicho. Mtu anazaliwa na tatizo hilo. Halina dawa ya kulimaliza, ila zipo za kuimarisha mifupa, na ipo namna ya kumbeba: kiganja chini ya makalio, kingine chini ya mabega na kichwa, usivute kiungo chochote.

Nikamweleza shemeji yote hayo, tukaenda naye Yanonge. Alipiga magoti mbele ya mama, akasamehewa, tukarudi na mama Kisangani.

Nilipomwonyesha namna mpya ya kumbeba mtoto, mama akaficha mikono nyuma.

"Apana, mutoto yangu. Hii mikono mulishaiita ya ndoki. Wewe umuogeshe, mimi nitakamata savon."

Mpaka leo naogesha mimi. Yeye anashika sabuni, anaimba, hamgusi.

Inaniuma sana. Mtoto akivunjika ovyo, mpelekeni kwa daktari kabla hamjamtafuta mchawi, maana mfupa utaunga, jina ulilompa mtu sijui.

Kuna mwenye mtoto kama wangu humu? Mnamlaza vipi, mnambebaje? Na mama yangu nimrudisheje kwenye beseni? Semeni chochote, nasoma.