Ulimwombea ama Ulimtangaza?

Mwanangu, hata kama sikukuzaa mimi, kuna Jumatano moja nakumbuka mpaka rangi ya kitambaa nilichokuwa nimejifunga kichwani.

Lakini kwanza ujue mimi si mtu wa kuamini vitu haraka. Nikipewa fomu nasoma mpaka yale maandishi madogo ya chini. Nikiambiwa "hii ni siri yetu," nauliza, yetu ni ya nani na nani? Nimekuwa hivyo tangu usichana. Kwa hivyo leo nikikwambia uende kwa kaunsela wa chuo, usifikirie nimedanganywa na mtu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Mchana nauza dukani kwa mjomba, jioni nasoma, nimalize sekondari niliyoiachia katikati. Nilikuwa naishi mtaa wa West Indies, hapa Eldoret, chumba kimoja na Atieno. Yeye alikuwa chuo, msichana wa kutoka pande za ziwa, kicheko chake kilifanya majirani wagonge ukuta. Alikuwa ananifunza hesabu huku akinichokoza. "Mama Kanisa," ananiita, "hiyo x haitafutwi kwa maombi. Shika kalamu."

Halafu akanyamaza. Nilidhani nimemkosea. Akaacha kusuka nywele, akaacha kwenda darasani. Chai namwekea asubuhi, nikirudi naipata vile vile, imeshika utando. Siku moja akaniambia, macho yakiwa ukutani, "Wangari, kulala nalala. Lakini naombanga nisiamke."

Akasema chuo kuna kaunsela, anataka kwenda lakini anaogopa. Ofisi yake ilikuwa imepakana na ya mkuu wa nidhamu, na benchi ya kungojea ni moja. Ukikaa hapo, kila anayepita anajua ama umeiba mtihani ama uko na mimba.

"Si unisindikize tu," akasema. "Tukae wawili, wasijue ni nani mgonjwa."

Na mimi, na huko kushuku kwangu, nikamwambia, "Hapo usikanyage. Watakuandika kwa faili, faili iende kwa mkuu, mkuu aite wazazi. Utaitwa mwendawazimu mpaka siku ya kuolewa. Twende ushirika wa maombi kanisani, hapo ni kwa watu wetu."

Watu wetu! Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nguoni mwa Atieno nilikuwa mimi.

Jumatano ikafika, akakataa kuja. Nikaenda peke yangu. Unajua vile kwetu hufanywa: kiongozi anauliza nani ako na ombi, watu wanasimama mmoja mmoja. Huyu ni mguu, yule ni kazi ya kijana wake. Nikasimama. Nilikuwa nimefunga siku mbili kwa ajili yake, Mwanangu, sikuwa na ubaya hata kidogo. Nikasema, "Tumkumbuke Atieno ninayeishi naye, roho ya mauti imemwingia, hataki kuishi." Jina nikataja. Chuo nikataja. Tukaomba mpaka nikalia, na nikarudi nyumbani na amani tele. Hiyo amani ndiyo siiamini mpaka leo.

Ijumaa, mama wa mboga akamwambia Atieno mbele ya watu, "Ni wewe yule hataki kuishi? Pole, mami. Chukua na dhania, ni ya bure." Tena kwa huruma kabisa.

Kesho yake asubuhi nilitoka kuchota maji, kurudi napata mlango umefungwa kwa ndani. Nikagonga. Nikaita. Nikaanza kupiga kelele, na ndipo Mama Rispa akatoka nyumba ya pili. Alikuwa mjane, mzee wa kanisa letu, na ile Jumatano alikuwa amekaa nyuma yangu. Akanisukuma kando, akaweka mdomo karibu na dirisha.

"Atieno, mwanangu, ni mimi. Sijakuja kuuliza kitu. Nimechoka kusimama, nifungulie nikae."

Tulingoja. Sijawahi kungoja kitu vile. Mwishowe nikasikia ufunguo.

Alikuwa mzima. Lakini kitandani alikuwa ameacha barua ya kumwaga mamake, na vitu vyake vyote vimepangwa kama vya mtu ambaye hatavihitaji tena. Mama Rispa hakuisoma ile barua. Alimfunika shali yake, akamshika mkono ampeleke hospitali. Mlangoni akageuka akaniangalia.

"Wewe. Ulimwombea ama ulimtangaza?"

"Mama, ilikuwa kanisani tu..."

"Kanisa halina masikio? Unashuku mtu aliyesomea kunyamaza, na hushuku mdomo wako ambao haujasomea chochote!"

Ulimi hauna mfupa, na wangu ulikuwa umeshavunja mtu. Nikabeba viatu vya Atieno, nikawafuata.

Sasa sikiza. Mwaka jana binti yangu Njoki aliingia chuo hapa hapa Eldoret. Wazazi tukaitwa tuzungushwe kuona majengo, na nikaona nini? Mlango wa kaunsela, na ubavuni mwa huo, wa nidhamu. Miaka hii yote! Nikainua mkono, nikauliza mtoto ataingiaje hapo na wenzake wanamhesabu hatua. Wengine wakacheka. Njoki akaninong'oneza, "Mum, unaniaibisha."

Nikaenda kwa kaunsela mwenyewe. "Hii kabati yako ya faili inafungwa? Ufunguo uko na nani? Mkuu akiuliza nani alikuja, utamwambia nini?" Hakukasirika. Akasema hasemi, isipokuwa aone maisha ya mtu yako hatarini, na hapo atamwambia mwanafunzi kwanza. Nikaanza kumwamini hapo, kwa sababu alinionyesha mahali siri yake inaishia. Anayekuapia kuwa hatasema kamwe, mwogope.

Wazazi tuliwasumbua wakubwa wa chuo, mikutano mitatu, mpaka wakamhamisha nyuma ya maktaba, mahali kila mtu hupita kutoa kopi. Muhula uliofuata Njoki akaniambia, "Mum, nilienda." Ee Mungu, vile nilitamani kumuuliza alisema nini huko! Niliuma ulimi, nikamwekea chai. Akainywa yote.

Atieno alipona polepole, akamaliza chuo. Kila Krismasi hunipigia simu, tunaongea mvua na mahindi na watoto. Siri hajawahi kuniambia tena. Ni haki yake.

Kwa hivyo, Mwanangu, kichwa kikilemea usikae nacho peke yako, mficha uchi hazai. Enda kwa yule aliyesomea, na ukiogopa benchi, tafuta mtu wa kukaa na wewe. Shuku, sikukatazi, uliza maneno yako yatalala wapi. Lakini kushuku kukufanye uulize, kusikufanye ubaki nyumbani. Na rafiki yako akikufungulia roho, msindikize. Ukimwombea, funga mlango. Mungu anamjua jina, huhitaji kumtajia mbele ya watu.

Mungu akupe usingizi mtamu, na asubuhi unayofurahi kuiona. Akuwekee Mama Rispa karibu na dirisha lako. Amina.