Kobe Hakuenea Kwenye Simu

Kobe alikufa Jumatatu saa nne asubuhi. Niliyemuua ni mimi, chai mkononi.

Msiniitie polisi. Kobe alikuwa wa katuni.

Miaka tisa tulimrusha kwenye televisheni kila Jumamosi, yeye na Mbuzi. Mbuzi kushoto anabwabwaja weee, Kobe kulia kimya. Halafu anatupia neno moja tu, watu hoi.

Mbuzi nilimchora mimi. Kobe alichorwa na kaka mmoja tuliyemwita Taratibu, aliyenifundisha kazi nikiwa sijui kuchora hata yai.

Televisheni ikavunja mkataba. Watoto wamehamia kwenye simu, wakubwa wakasema.

Meneja akaniita peke yangu.

"Simu inashikwa wima. Hawa wawili hawaenei. Chukua vipindi kumi, kila picha ibaki na mmoja. Chagua wewe."

"Na mchoraji wa atakayekatwa?"

Akacheka. "Kwani kiti kimoja kinakaliwa na wangapi?"

Niliporudi mezani, Taratibu akanitazama. "Mdogo wangu, mbona uso kama umemeza ndimu?"

"Tumbo tu, kaka."

Nikakata. Kobe wa kwanza, nilimfuta nikamrudisha mara tatu. Wa hamsini, nilikuwa napiga mluzi.

Ijumaa Taratibu akatoka na penseli zake ndani ya boksi la viatu. Akanipiga bega. "Chapa kazi."

Nikachapa.

Mbuzi peke yake hakufika miezi mitano. Watazamaji wakaandika, "Huyu mbuzi anaongea na nani?" Utamu wote ulikuwa kwenye ile nafasi katikati yao, na ndiyo niliyoitupa. Wakubwa wakaleta programu inayochora yenyewe. Mimi nikaambiwa nifungashe virago.

Wakati nafuta kazi zangu kwenye kompyuta ya ofisi, nikakuta faili la Taratibu. Vipindi kumi vingine. Tarehe zilezile.

Kumbe naye alipewa mkasi!

Nawaambia ukweli, nilifurahi. Nikasema, mnafiki mkubwa wewe, kumbe ulikuwa unanimaliza huku unaniita mdogo wako.

Nikafungua.

Mbuzi. Mbuzi. Mbuzi mtupu, vipindi vyote kumi. Tena alikuwa amemgeuza macho, picha moja moja, atazame mbele, asionekane anaongea na hewa.

Nikampigia. "Kaka, ulimkata Kobe wako mwenyewe?"

"Uso wako uliniambia nawe umeitwa. Nilijua wewe utambakiza Kobe," akasema. "Nikaona meneja akikuta kila mtu kamwokoa mwenzake, ataelewa hawa hawatenganiki. Atatafuta njia wabaki wote."

Halafu akaniuliza:

"Kwani wewe ulimbakiza nani, mdogo wangu?"

"Mtandao unakata, kaka."

Nikazima simu. Sijampigia tena mpaka leo.

Sasa wasomi wanakaa kwenye semina wanasema simu ndiyo iliyotumaliza. Waongo! Simu haina mikono. Tulimalizana wenyewe, na aliyetugawia mikasi hakutokwa jasho hata tone.

Ukiitwa peke yako ukaambiwa uchague nani abaki, kabla hujakata, nenda kamuulize mwenzako. Meza ya Taratibu ilikuwa hatua nne kutoka yangu. Ningenong'ona tu, angesikia.

Labda wangetutimua wote wawili siku hiyohiyo. Najua wangetutimua.

Lakini leo ningekuwa na kaka wa kumpigia simu.