Mama mdogo wangu haoni, na alitaka kujua ndege inakaa aje

Wakuu, salamu kutoka Kitengela, vumbi na yote.

Mimi huwa nasoma hapa kimya kimya, nacheka vituko vya watu, naondoka. Leo wacha niandike yangu. Si chai, si hadithi ya kutunga, na mwenye shaka anakaribishwa kwangu aone kabati kwa macho yake.

Kwanza mnijue. Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Daktari anang'oa na kuchukua umbo la ufizi, mimi niko kwa maabara huko nyuma nachonga na kupiga msasa mpaka mtu aweze kutafuna nyama tena.

Nikitoka kazini, natengeneza ndege.

Ndege za plastiki. Zile zinakuja kwa boksi zikiwa vipande vipande. Unakata, unasugua, unabandika na gundi, unapaka rangi, na baada ya wiki au miezi uko na ndege kamili, kila mlango na kila dirisha mahali pake, inatoshea kwa sinia.

Nilianza nikiwa primary, Kajiado. Mama alikuwa anauza mitumba sokoni, na siku moja kwa bale ya vitu vya watoto kukatoka boksi la ndege limebonyea. Bawa moja halikuwa ndani. Nikachonga lingine kutoka kwa soli ya pata pata iliyokatika. Ilikaa kama kuku mgonjwa, lakini tangu siku hiyo sijawahi kupona hii kitu.

Najua mtauliza, mzee mzima na toys? Nimeulizwa sana, hata na wakwe. Wengine wako na mpira, wengine wako na bar. Mimi nikishika kisu na kipande cha bawa, kichwa kinatulia. Basi.

Zote ziko kwa kabati la vioo sebuleni. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: hakuna kugusa. Hata mke wangu Mueni alikuwa anapangusa kioo kwa nje tu.

Sasa mwaka huu akaja Yeyo Nasieku.

Huyu ni mdogo wake marehemu mama. Yeyo ni mama kwa Kimaasai, na ndivyo namwita. Anaishi Bisil na familia ya kijana wake. Haoni. Surua ilimchukua macho akiwa mtoto mdogo sana, hakumbuki kuona kitu chochote.

Lakini msimwonee huruma, hataki. Mbuzi wake anawajua mmoja mmoja kwa sauti. Nikiinamisha kichwa anisalimie kwa kunigusa utosi, kama desturi yetu, mkono wake unanifikia kabla sijasema jina.

Alikuja kwa sababu ya meno. Yaliyobaki yalikuwa mabovu, yakang'olewa, na ikabidi ufizi upone kwanza ndiyo nimtengenezee mapya. Kwa hivyo akakaa kwetu.

Jumamosi moja tuko nje tunakunywa chai, ndege ikapita juu. Akasikiza mpaka ikaisha.

"Hiyo iko na sauti mbili," akasema. "Zile za kwetu zinazoenda Amboseli, nyingi ziko na sauti moja."

Nikamwambia ni injini mbili, yuko sawa.

"Mueni anasema wewe unatengeneza ndege. Hebu niambie, ndege inakaa aje?"

Wakuu, hapo ndio niligundua sijui kuongea. Nikamwambia iko na mwili mrefu, kama samaki.

"Samaki? Mimi samaki nitamshika wapi?"

Nikabadilisha. Ni kama kuku akiwa amefungua mabawa.

"Kwa hivyo inayapiga?"

"Hapana Yeyo, yamekaa tu. Hayasongi."

"Hayasongi? Sasa inapaa na nini?"

Mueni alikuwa amejificha nyuma ya kikombe akicheka. Mimi nimesoma vitabu vya ndege tangu utotoni na nimeshindwa kumwelezea mtu mmoja umbo la ndege.

Nikaingia ndani, nikafungua kabati.

Nilichukua iliyo bora zaidi. Ndege ya mizigo ya zamani, injini mbili, ile nilipambana nayo karibu miaka miwili. Sijui ni nini kiliniingia. Nadhani nilitaka ashike iliyo nzuri kuliko zote.

Nikaiweka kwa mapaja yake.

Vidole vyake vilianza kwa mkia. Antena ikakatika, tik. Akasonga mbele, propela ikakatika, tik. Mimi nimeshika pumzi kama mtu anachomwa sindano. Halafu mguu wa magurudumu ukaenda.

"Nimevunja kitu?"

"Hapana, Yeyo."

"Mimi sioni," akasema polepole, "lakini nasikia vizuri."

Akanirudishia ndege kwa mikono miwili, akaweka mikono yake ndani ya shuka. Nikamsihi aendelee, akakataa. Siku zilizofuata ndege ikipita juu hakuuliza kitu. Alikuwa anaongea habari za mbuzi na kanisa, kila kitu isipokuwa hiyo.

Hiyo kimya iliniuma kuliko ile propela. Maisha yake yote amesikia hizi vitu zikipita juu ya kichwa chake, hatimaye ameuliza mtu, na huyo mtu amempatia kitu cha kuvunjika.

Nikamwambia Mueni nataka kumtengenezea yake. Akatoa leso, akanifunga macho, akaanza kunipatia ndege zangu moja moja nishike.

Nilishangaa. Kuna moja sikujua mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Ule moshi nimechora karibu na injini, ile rangi imechakaa kwa jua, vitu vyote ambavyo huwa napiga picha nikijisifu kwa groups, kidole hakivijui kabisa. Kitu ambacho kidole kilipata ni gundi iliyomwagika mahali nilidhani hakuna mtu ataona.

Nilikuwa na boksi moja sijafungua, ndege ndogo ya injini moja, mabawa juu, kama zile zinatua kwa viwanja vya murram. Nikaanza.

Ndani ya mabawa na miguu nikapitisha waya ngumu, ile tunaweka kwa meno. Propela ya plastiki nikatupa, nikatengeneza nyingine nene kwa ile dawa ya ufizi wa bandia, ambayo ikikauka inakuwa ngumu, na ikazunguka. Mlango nikaupatia bawaba ufunguke kweli. Madirisha nikayaacha bila kioo ndiyo kidole kiingie. Kila pembe nikaisugua isikwaruze.

"Hutapaka rangi?" Mueni akaniuliza.

"Ya nani?"

Akafikiria kidogo. "Basi weka mtu. Bila mtu, atajuaje ukubwa?"

Hiyo sikuwa nimefikiria. Nikachonga mtu, na kwa sababu ile dawa ni ya rangi ya ufizi, abiria wetu alikuwa pink kutoka kichwa mpaka viatu.

Jumapili moja baada ya kanisa, meno yakiwa tayari yameingia na yamekaa vizuri, nikaketi karibu naye.

"Yeyo, nimekuletea ndege."

"Weka kwa kabati. Nitavunja."

Nilikuwa nimejua atasema hivyo. Nikasimama, nikaiachilia ianguke sakafuni, kwa tiles. Ikapiga, ikaruka, ikapiga tena. Mueni akapiga nduru jikoni.

"Umesikia?" nikamwambia. "Haijavunjika. Na ikivunjika, mimi ni fundi."

Akacheka mpaka akashika mdomo, akihofia meno yatoke. Halafu akanyoosha mikono.

Sitaweza kuandika vizuri hiyo nusu saa. Alianza na mabawa, akayafuata mpaka mwisho, akarudi, akajaribu kuyakunja.

"Kweli hayasongi."

Akapata propela. Akaizungusha, akaileta karibu na sikio.

"Hapa ndio sauti inatoka."

"Hapo ndio, Yeyo."

Akapata mlango, akaufungua na ukucha. Kidole kikaingia, kikapata kiti, kikapata yule mtu. Akamtoa nje.

"Na huyu?"

"Abiria."

Akamshika kati ya vidole viwili, akamlaza juu ya bawa, akawa anamsogeza, kichwa kwa miguu, kichwa kwa miguu, mpaka mwisho wa bawa.

"Kama huyu ni mtu mzima, basi hii bawa inapita nyumba yangu."

"Inapita."

"Unanidanganya."

Kuna ploti wazi kando ya kwetu. Nikachukua kamba ya kuanika nguo, nikakosa ya kutosha, nikaazima ya jirani. Nikapiga hesabu, tukachora ndege nzima chini kwa kamba na mawe, ukubwa wake halisi. Pua, mwili, mabawa, mkia.

Mnajua Kitengela. Vijana wawili wa boda wakasimama hapo hapo.

"Mzee, hiyo ploti inauzwa?"

"Hapana, tunapima ndege."

Wakaangaliana, wakazima pikipiki, wakakaa kuangalia.

Yeyo akaanza kwa mkia, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine kwa Mueni, mguu ukifuata kamba. Alipofika kwa bawa akageuka akalifuata. Akatembea, akatembea.

"Bado?"

"Bado, Yeyo."

Mwisho wa bawa akasimama, akageuza uso kule alikotoka. Akarudi mpaka kwa mwili, akauliza rubani anakaa wapi. Nikamwonyesha. Akaketi chini hapo hapo kwa vumbi, na shuka zake za kanisa, akanyoosha miguu.

"Mniache kidogo," akasema.

Tukamwacha. Mueni alikuwa anapangusa machozi. Mimi nilijifanya nakaza kamba ambayo ilikuwa imekaza.

Alipoinuka alisema kitu kimoja tu: "Kwa hivyo hao watu wanapita juu yangu wakiwa wameketi tu hivi."

Alirudi Bisil na meno yake na ndege yake. Kijana wake ananiambia hiyo ndege imezunguka manyatta zote, wamama wanaishika, wazee wanaishika, na Yeyo ndiye anawaelezea, hata wale ambao wanaona. Bawa moja limelegea, na amekataa kunirudishia nitengeneze. Anasema ataikosa.

Kwangu nilirekebisha ile ya mizigo na kuirudisha mahali pake. Naendelea kutengeneza za kabati, sitaacha, napenda rangi zangu na moshi wangu. Lakini kila boksi jipya sasa nalishika kwanza nikiwa nimefumba macho, na wageni wakitaka kugusa tunaongea, hatugombani.

Funzo ni hilo wakuu. Kama uko na kitu unachokipenda sana, angalia ni nani karibu nawe umemfungia nje bila kukusudia. Huenda haihitaji kubomoa kitu. Inahitaji waya ngumu kidogo na kuuliza mtu anataka nini.

Na sasa niko na shida, ndiyo maana nimefungua huu uzi. Juzi Yeyo alinipigia simu. Hakuuliza habari ya ndege. Alisema tangu azaliwe watu wanamwambia ule mlima wa Namanga uko pale, wakinyoosha mkono asiouona, na hakuna mtu amewahi kumwambia unakaa aje.

Mimi ni mtu wa meno na ndege. Mlima sijawahi.

Kuna mtu hapa ashatengeneza mlima wa kushikwa? Mlitumia nini, saruji, mbao, udongo? Na miti unaiwekaje ndiyo kidole kijue ni miti? Karibuni, naandika kila jibu.